Tukio Unalolikwepa: Jinsi ya Kuandika Sehemu Ngumu za Hadithi

Muulize yeyote anayeandika hadithi anakwama wapi, atakutajia moja kati ya nne: mwanzo, katikati, mazungumzo au mwisho. Hajakosea. Ila miswada ninayoletewa na waandishi wa huku kwetu Kusini, kuanzia Mtwara mjini mpaka Masasi, Lindi na Kilwa, imenifundisha kutafuta kwingine kwanza. Mara nyingi kuna tukio moja ambalo hadithi nzima inalidai: watu wawili wakae uso kwa uso, mmoja aseme lile ambalo amekuwa akilificha. Mwandishi amelizunguka tukio hilo, akatokea upande wa pili. Baada ya hapo katikati inalegea, mazungumzo yanageuka porojo, na mwisho hauji, kwa sababu kila mtu humo ndani anakwepa jambo lile lile.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kurasa mkononi, hata kama ni mbaya. Kama huna, andika kwanza ishirini au thelathini bila kujihukumu, halafu urudi hapa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana ushauri wa jumla haumsaidii mtu aliyekwama. Hashimu ni kijana wa kijiji kimoja wilayani Tandahimba. Mjomba wake, Mzee Issa, ni mtu mzima sasa, magoti yamechoka, na amemkabidhi mikorosho yake aitunze. Mwezi wa saba, mikorosho ikiwa bado maua, pikipiki ya Hashimu iliharibika injini, naye akauza sehemu ya korosho za mjomba kwa kangomba. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni kumuuzia mlanguzi nje ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, mara nyingi pesa ikipokelewa mapema na kwa bei ya kutupa. Ni kosa kisheria, na kijijini hakuna asiyejua nani anaifanya. Sasa ni mwezi wa kumi. Korosho zinadondoka, na mjomba anasubiri.

Hatua ya 1: Tafuta ulipokimbia

Chukua muswada wako na kalamu ya rangi. Usisome kama msomaji. Pita tu ukipiga mstari chini ya kila sentensi inayoruka muda: "Baada ya wiki mbili", "Siku zilipita", "Hatimaye". Halafu piga mstari chini ya kila sentensi inayofupisha maongezi: "Walizungumza kwa kirefu", "Alimweleza yote", "Wakakubaliana". Kisha tafuta vitoroshi vingine, ambavyo ni vya kijanja zaidi. Mhusika anazimia panapotakiwa ajibu. Simu inaita. Mvua kubwa inaanza. Mtu anapata ajali ya gari ukurasa mmoja kabla ya kuulizwa swali. Ndoto nazo zimo humu humu. Sina ugomvi na ndoto, lakini nimeona nyingi mno zikitumwa kufanya kazi ambayo mhusika angeifanya akiwa macho.

Mistari mingi kati ya hiyo haina kosa. Hadithi lazima iruke muda, la sivyo utaandika mhusika akipiga mswaki kila asubuhi. Unachotafuta ni mahali ambapo uliruka na moyo wako ukapata nafuu. Utapajua. Mara nyingi ni ukurasa ambao uliuandika haraka kuliko yote.

Rasimu ya kwanza ya hadithi ya Hashimu ingeweza kuwa hivi:

"Hashimu alikwenda kwa mjomba wake akamweleza yote. Mjomba alikasirika sana kwa kitendo hicho. Tangu siku hiyo hawakuelewana tena."

Sentensi tatu, na hadithi imeliwa. Msomaji aliyevumilia kurasa kumi za maua na pikipiki amefika mlangoni, akaambiwa mambo yameshakwisha, nenda nyumbani.

Hatua ya 2: Amua nani anajua nini

Watu husema jua mhusika wako anataka nini. Ni kweli, lakini wanaishia kwenye matakwa makubwa: anataka heshima, anataka kupendwa, anataka kuutoka umaskini. Kwa matakwa ya ukubwa huo huwezi kuandika hata mstari mmoja wa majibizano. Uliza anataka nini *leo hii, kabla jua halijazama*. Hashimu anataka mjomba asiende shambani kabla ya Ijumaa. Basi. Hilo linaandikika.

Kisha uliza akilikosa atapoteza nini, na hapa ndipo kuwa mtu wa Kusini kunakusaidia. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, jadi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake, na mpwa ndiye aliyekuwa akitazamiwa kushika kilichoachwa. Lakini Mzee Issa ana mtoto wa kumzaa pia, Mfaume, na siku hizi watoto wa kuzaa nao wanadai cha baba yao. Dini ina maneno yake, mahakama ina yake. Kwa hiyo Hashimu hapotezi fedha ya magunia tu. Anampa Mfaume sababu ambayo Mfaume amekuwa akiitafuta. Mwandishi akiliona hilo, hadithi ya wizi mdogo imekuwa hadithi ya nani ni mtoto wa nani, bila kuongeza mhusika hata mmoja wala kumuua mtu.

Sasa fanya zoezi ambalo mimi naliona lina faida kuliko mengine yote humu. Chukua karatasi, andika kila mhusika wa tukio lile na anachokijua. Hivi:

Mjomba anajua kila kitu.
Hashimu hajui kwamba mjomba anajua.
Mfaume anajua, na ndiye aliyemwambia baba yake.
Bi Zainabu, mama yake Hashimu na dada wa mjomba, anajua nusu: anafikiri ni gunia moja.

Tazama kilichotokea. Kabla ya karatasi hii tulikuwa na kijana anayeungama na mzee anayekasirika, yaani tukio ambalo kila mtu ameshalisoma. Sasa tuna mzee ambaye hahitaji kuambiwa. Anachohitaji ni kijana aseme mwenyewe. Na tuna kijana anayemdanganya mtu aliyekwisha kujua. Taharuki haihitaji bunduki. Inahitaji msomaji na mhusika mmoja wajue jambo ambalo mhusika mwingine anadhani limefichika.

Kama wahusika wako wote wanajua mambo yale yale, mazungumzo yao yatakuwa mabovu hata ukiwa fundi wa lugha. Hawana cha kutafutiana.

Hatua ya 3: Wape kazi mikononi

Watu wawili walioketi kwenye viti wakitazamana ni tukio gumu mno kuandika. Wape kazi. Huku kwetu watu hawajadili mambo mazito wakiwa mikono mitupu. Mmoja anachambua mchicha, mwingine anabangua korosho za kula, mwingine anafunga tairi. Mzee Issa nampa magunia na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Anashona gunia lililotoboka, kibarazani, mchana baada ya sala ya adhuhuri. Kamba na shazia vitanifaa baadaye, kwa sababu kila ninapotaka kimya kiingie, sihitaji kuandika "kimya kilitanda". Namsimamisha mkono.

Kuhusu mahali, neno moja la kukera. Miswada ya Kusini imejaa bahari na minazi hata pale hadithi inapotokea Nanyumbu, ambako bahari iko mbali sana. Mwandishi ameazima mandhari ya kalenda ya ukutani. Mahali paandikwe kama panafanya kazi. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya tangu zamani: mvua hunyesha, udongo wa kichanga huyanywa, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa hiyo Newala au Tandahimba, mgeni akipewa kopo la maji na kumwaga nusu iliyobaki, hilo ni tukio. Ukihamishia hadithi hiyo Mikindani, kopo halina uzito ule, na itabidi utafute kingine: labda maji ya bamvua yanayorudi wakati wanawake bado wanachokoa pweza, na mmoja wao hajamaliza kusema alichokuja kusema. Jiulize swali hili kwa kila maelezo ya mandhari: je, ningelihamisha tukio hili wilaya nyingine, lingebadilika? Kama halibadiliki, futa hayo maelezo au yape kazi.

Hatua ya 4: Mazungumzo

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo damu inapomwagika.

Kosa la kwanza ni wahusika kuongea kama wasoma taarifa ya habari. Kijana wa Tandahimba anamwambia mjomba wake: "Mjomba Issa, kama unavyofahamu, mimi ni mtoto wa dada yako Zainabu na ulinikabidhi shamba hili miaka mitatu iliyopita." Mjomba anafahamu. Anayeambiwa ni msomaji, na msomaji anasikia kwamba anaambiwa. Habari kama hiyo ipeleke kwa msimulizi kwa sentensi moja, au iache msomaji aiunganishe mwenyewe. Yeye si mjinga. Ameshakulia kwenye ukoo.

Kosa la pili ni la adabu. Waandishi wengine wanaondoa salamu zote ili "kuharakisha", na matokeo yake kijana anaingia kwa mjomba wake na kuanza kudai mambo kama askari wa doria. Wengine wanaweka salamu nzima: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, nusu ukurasa. Salamu iwekwe pale inapobeba jambo. "Shikamoo" iliyochelewa inasema. "Marahaba" isiyofuatwa na "karibu" inasema zaidi. Na kumbuka mtu mkubwa wa Kusini, akiwa na hasira kweli, mara nyingi hazidishi sauti. Anapunguza.

Kosa la tatu ni kumfanya kila mtu aseme anachokihisi. Soma tukio hili, kisha nitasema kwa nini nimelipanga hivyo.

Mzee Issa alikuwa ameketi mkekani, gunia mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepita shamba?"

"Nimepita."

"Zinadondoka?"

"Moja moja. Kwa upepo huu…"

Mjomba alivuta kamba mpaka ikakaza. "Chama wamegawa magunia. Nimekuchukulia na wewe."

"Mangapi?"

"Kumi. Yatatosha?"

Hashimu aliyatazama, yamepangwa kando ya mlango, mapya, bado na harufu ya mafuta. Mwaka jana walijaza kumi na mbili.

"Yatatosha," alisema.

"Haya." Shazia likaingia, likatoka. "Basi kesho twende wote tukaokote. Magoti leo hayanisumbui."

Hakuna aliyetaja kangomba. Hakuna aliyekasirika. Lakini mjomba amemtegea mpwa wake mara mbili, kwa swali la magunia na kwa safari ya kesho, na kila jibu la Hashimu limemsogeza karibu na ukuta. Neno "yatatosha" ni uongo mkubwa kuliko wizi wenyewe, na msomaji ambaye ameshajua kwamba mzee anajua atataka kumziba kijana mdomo. Alichotaka Hashimu ni mjomba asiende shambani kabla ya Ijumaa. Mjomba anakwenda kesho. Mlango umefungwa.

Sasa sehemu ambayo waandishi hukimbia hata baada ya kufika hapa. Wanafunga sura. "Kesho yake…" Hapana. Bakia kibarazani. Lile lisilosemeka lisemwe, ila kupitia kitu kilichopo.

Hashimu aliinuka kuaga, akafika nguzo ya baraza, akarudi.

"Mjomba."

"Naam."

"Manne."

Shazia lilisimama.

"Magunia manne yatatosha," Hashimu alisema.

"Umeniambia kumi."

"Manne, mjomba."

Mzee aliweka gunia chini, akalikunja taratibu. "Na sita?"

Hashimu alitazama miguu yake.

"Sikuulizi kwa kuwa sijui," mjomba alisema. "Nakuuliza useme."

Ukiangalia, ungamo lote ni namba moja. Hii si mbinu ya kujionyesha. Mtu anayesema jambo zito huanza na kipande kidogo kinachosemeka, na kila mwandishi anayesikiliza watu barazani au kwenye daladala anajua hivyo. Kwa hiyo ukikwama kuandika ungamo, tafuta kwanza kitu kinachohesabika au kinachoshikika ndani ya tukio: funguo, nauli, sahani ya tatu mezani. Acha mhusika aseme hicho.

Jambo la mwisho kuhusu mazungumzo ni lafudhi. Mwandishi anayetaka hadithi inuke Kimakonde anaandika kila neno la mzee kwa matamshi yaliyopinda. Kumbuka nani atasoma. Nchini humu lafudhi ya watu wa Kusini imetumika miaka mingi kuchekesha, na msomaji wa Dar es Salaam ataanza kucheka kabla hajajua mzee anasema nini. Mimi naacha lafudhi kwenye mpangilio wa sentensi na urefu wake, na neno la Kimakonde au Kimwera naliweka moja, pale ambapo Kiswahili hakifiki na maana yake inaonekana kwa kinachotendeka. Neno la namna hiyo lisiwekewe tafsiri kwenye mabano. Mabano yanamtoa msomaji kibarazani.

Hatua ya 5: Punguza moyo wa mhusika

Hii ni fupi. Pitia tukio ulilokwisha kuandika, futa kila "alihisi", "alijawa na", "moyo ulimwenda mbio" na "machozi yalimlengalenga". Soma tena. Panapokosekana kitu, rudisha kimoja tu, na kiwe tendo. Hashimu kutazama miguu yake kunatosha.

Hatua ya 6: Historia ipitie mkono wa mtu

Mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, ina historia inayomtamanisha mwandishi kupita kiasi. Kuna Vita vya Majimaji vilivyoanzia Nandete, kwenye milima ya Matumbi, Julai 1905. Kuna mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, ukaiachia Nachingwea reli iliyokuja kung'olewa na Mtwara bandari ya kina kirefu. Kuna vurugu za Mtwara za 2013, za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam. Kuna msimu wa korosho wa 2018, ambapo serikali ilitangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kuzibeba. Mwandishi akigusa mojawapo, anasahau mhusika na kuanza kufundisha. Kurasa nne baadaye Hashimu bado amesimama kwenye nguzo ya baraza akisubiri ruhusa ya kuendelea.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba jambo la nyuma liingie tu linapotumiwa na mtu aliyepo sasa, kumshinda au kumwomba mwenzake. Mzee Issa hasemi "katika msimu wa 2018". Anasema:

"Mwaka ule wa wanajeshi nilikaa na karatasi miezi, watoto wanarudishwa shule. Kangomba walikuja hapa hapa barazani na hela mkononi. Waulize niliwauzia ngapi."

Mstari huo una historia, una tabia ya mzee, na una kofi. Msomaji asiyejua mwaka ule ataelewa vya kutosha. Anayejua ataongeza ya kwake.

Mbinu rejeshi nayo ifuate kanuni hiyo hiyo. Ukitaka kumrudisha msomaji nyuma kwa ukurasa mzima, hakikisha kwanza tukio la sasa limeachwa mahali pa moto, na ukirudi, kitu kiwe kimebadilika: ungo umejaa, mgeni ameondoka, gunia limeshonwa. Miaka na tarehe ziweke kwenye daftari lako la kando. Unazihitaji wewe, ili mtu asiwe na umri wa miaka kumi na minne katika sura ya pili na arobaini katika ya tano, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko waandishi wanavyokubali.

Hatua ya 7: Katikati ikilegea, tafuta kalenda

Katikati ya hadithi hufa kwa sababu hakuna kinachowaharakisha wahusika. Mwandishi akiliona hilo huongeza mhusika mpya, au mapenzi, au mganga. Kabla ya kufika huko, angalia kazi wanayoifanya watu wako. Karibu kila kazi ina kalenda, na kalenda ni muda wa mwisho ambao hukuubuni wewe, hivyo msomaji anauamini.

Korosho zinakupa yote bure. Kuna wakati wa kupuliza salfa, ambayo isipopulizwa ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua. Kuna maua, kuna kudondoka, kuna kuokota na kuanika. Kuna siku ya kupima chamani, jina likiitwa mbele ya watu na mizani ikionyesha kilo ambazo kila mtu anaziona. Kuna kupangwa madaraja. Kuna mnada, na kuna kungoja pesa iingie benki. Hashimu akiuza maua mwezi wa saba, tayari ana miezi mitatu ya kuficha na siku moja isiyokwepeka, ya mizani. Sihitaji mganga.

Wavuvi wana bamvua na maji mafu, wana kusi na kaskazi. Mwalimu ana mitihani ya darasa la saba. Familia yenye kijana wa kupelekwa jandoni au binti wa kuchezwa unyago ina likizo ya shule, wageni wa kulishwa na ngoma ya kulipiwa, na tarehe haisogei kwa sababu jirani naye ameshaalika. Chagua kalenda moja, iandike kwenye karatasi kwa mstari, kisha pachika matukio yako juu yake. Tukio lisilopata mahali pa kukaa, mara nyingi halikuwa na kazi.

Halafu kwa kila tukio la katikati jiulize: baada ya hapa, mhusika hawezi tena kufanya nini? Kabla ya mazungumzo ya kibarazani Hashimu angeweza kudai korosho zimeibiwa shambani. Baada ya "yatatosha" hawezi tena. Kabla ya "manne" angeweza kukimbilia Dar es Salaam na kusahauliwa kama wengine. Baada yake, akikimbia atakuwa mwizi aliyekiri. Tukio lisiloziba njia yoyote linaweza kuwa tamu sana, na bado likakaa nje.

Hatua ya 8: Mwanzo uandikwe mwisho

Umeshajua sasa hadithi yako inadai nini, kwa hiyo rudi ukurasa wa kwanza na ukate. Hali ya hewa, kuamka asubuhi, jogoo, historia ya kijiji, vyote nje. Mimi hadithi ya Hashimu ningeianzia kwa fundi pikipiki, injini imefunguliwa chini juu ya gunia kuukuu, fundi anataja bei, na Hashimu anageuka kutazama mikorosho iliyochanua ng'ambo ya barabara. Hatujaambiwa ni ya nani. Aya ya pili itasema.

Hatua ya 9: Mwisho

Tumelelewa kwenye ngano ambazo sungura anaponyoka au fisi anapigwa, na msimulizi anatamka funzo. Kisha shuleni tukaulizwa dhamira kwenye kila mtihani. Ndiyo maana hadithi nyingi zinaisha kwa polisi, kifo, au aya ya mawaidha. Kwa mfano wetu, miisho mitatu inakuja yenyewe.

Wa kwanza: Hashimu anakamatwa, anajuta, anawaasa vijana. Hapo mjomba ametoweka kwenye hadithi yake mwenyewe. Wa pili: mjomba anapatwa na mshtuko wa moyo. Huo ni ule ule utoro wa hatua ya kwanza, umevaa sanda. Wa tatu: siku ya mizani, mbele ya watu, Hashimu anabeba magunia manne yaliyojaa, na sita matupu yaliyokunjwa anayaweka mikononi mwa mjomba. Mzee, ambaye tangu mwanzo amekuwa mtu wa kuhesabu, anayapokea bila kuyahesabu na kumpa Mfaume ayashike.

Mimi nachukua wa tatu. Kinachonivutia ni kwamba tendo la mwisho ni la wahusika wenyewe, linatumia vitu vilivyokwisha kuwepo, na linajibu swali la hadithi (mpwa bado ni mrithi?) bila kulitamka. Kutohesabu kunaweza kuwa msamaha. Kumkabidhi Mfaume kunaweza kuwa hukumu. Wasomaji wawili wakibishana kuhusu hilo nitafurahi, mradi wote wawili wabishane kuhusu jambo moja. Wakibishana kuhusu kilichotokea, basi nimeandika vibaya, si kwa fumbo.

Mwandishi mwingine angechagua tofauti, na angekuwa na haki. Kipimo chako kiwe hiki: nani ametenda tendo la mwisho? Kama ni gari, radi, malaria au polisi, jaribu tena.

Hatua ya 10: Mpe mtu asome, na umuulize vizuri

Kwanza jisomee kwa sauti, ukisimama, mlango umefungwa kama una aibu. Ulimi utakwama kwenye sentensi ambazo jicho lilizisamehe, hasa kwenye mazungumzo.

Kisha tafuta wasomaji wawili. Mmoja awe anaijua kazi iliyomo: mpulizaji wa salfa, nahodha, karani wa chama. Huyu atakuambia kwamba korosho haianikwi hivyo, na ni bora akuambie yeye kuliko msomaji wa Lindi aliyenunua kitabu. Wa pili awe mtu asiyeijua kabisa. Usiwaulize "imekaaje?", maana watakujibu "nzuri" kwa heshima na utakuwa umepoteza jioni. Waulize ni ukurasa gani waliuweka chini wakaenda kufanya jambo jingine. Waulize walidhani nani anajua nini kufikia katikati. Waulize walitaka nani aseme nini, na je, alisema?

Kama una mpango wa kupeleka kazi kwenye shindano, mfano Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, soma masharti ya mwaka husika kabla ya kuanza kusafisha muswada, kwa kuwa urefu unaotakiwa unaweza kukulazimisha kukata au kuongeza matukio, na kazi hiyo haifanyiki usiku wa mwisho. Ukilazimika kukata, kata mandhari, kata historia, kata mhusika wa pembeni unayempenda. Mazungumzo ya kibarazani yaache.

Na wasomaji wako wawili, bila kuwasiliana, wakikutajia ukurasa mmoja kwamba hapo walichoka, usianze kuupamba. Fungua ukurasa uliotangulia, chukua ile kalamu ya rangi, tafuta "baada ya wiki mbili".